Mwili hufungua mlango, mkataba ndio chumba: Safari ya Daniel Adongo hadi NFL

Kama wewe ni kijana wa Ukunda, Kombani, Gazi ama Msambweni na Mungu amekujalia kimo, kifua na mbio, bila shaka ushaambiwa: "Mwili huo ni pesa." Umeambiwa na kocha, umeambiwa na mjomba, umeambiwa hata na makanga ukiwa umekunja miguu kiti cha nyuma cha matatu. Leo nataka tumwangalie Mkenya mmoja ambaye maneno hayo yalimtimia kabisa, halafu tuulize swali ambalo mjomba hakuuliza: yalimtimia kwa muda gani?

Jina lake ni Daniel Adongo. Mnamo Desemba 8, 2013, mjini Cincinnati kule Marekani, aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Indianapolis Colts dhidi ya Cincinnati Bengals. Colts walipigwa 42-28 siku hiyo, lakini kwetu sisi matokeo si hoja. Hoja ni kwamba Adongo aliandika historia: Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Na miezi mitano kabla ya hapo hakuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huo. Si shuleni, si chuoni, si mtaani. Zii kabisa.

Kutoka raga hadi helmeti

Adongo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1989 na alikulia katika raga. Akiwa bado kijana alivuka mpaka kwenda kujifunza kazi Afrika Kusini, kisha New Zealand, ambako mwaka wa 2011 aliichezea Counties Manukau. Kama unafuata raga, unajua New Zealand si mahali pa kwenda kutalii na mpira. Baadaye akarudi Afrika Kusini na kusajiliwa na Southern Kings, timu iliyoingia mashindano ya Super Rugby kwa mara ya kwanza mwaka wa 2013.

Hapo ndipo Wamarekani walipomwona. Mwanamume wa futi 6 na inchi 5, uzani wa kama kilo 116, na bado anakimbia kama mtu wa kilo 80. Julai 2013 Colts wakampa mkataba. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Wakampanga lainibeka wa pembeni. Sasa kabla hujaniambia "ni kama fowadi wa raga tu", ngoja nikueleze kazi hiyo, kwa sababu hapo ndipo hadithi yote ilipo.

Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Wakishindwa, wanaupoteza mpira. Anayeongoza mashambulizi anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye nahodha wa jahazi, anaamua mpira utupwe kwa nani ama akabidhiwe nani akimbie nao. Kazi ya walinzi ni kulizamisha hilo jahazi. Na lainibeka wa pembeni ana uamuzi wa kufanya kufumba na kufumbua, kila mpira unapoanzishwa: je, nimkimbilie kwotabeki nimwangushe kabla hajatupa? Nirudi nyuma nimlinde mtu anayesubiri kurushiwa? Ama nibaki hapa hapa nizibe njia ya mkimbiaji? Ukikosea, uwanja wa watu elfu sitini unaliona pengo lako.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa raga hulishangaa sana. Kwenye raga, anayepigwa taki ni mwenye mpira. Usipokuwa na mpira, mtu akikusukuma refa anapuliza filimbi. Kwenye futiboli ya Kimarekani, jitu la kilo 140 lina ruhusa ya kukuzuia na kukusukuma hata kama mpira uko upande wa pili. Ndiyo kazi yake anayolipwa. Kwa hivyo lainibeka lazima ajue kutumia mikono kujibandua kutoka kwa watu hao, na ujuzi huo Wamarekani huanza kufundishwa wakiwa watoto wa shule. Adongo alianza kuufundishwa akiwa mtu mzima, mbele ya kamera.

Na si mikono tu. Kila timu ina kitabu cha mbinu, kitabu kinene kweli, chenye michoro na majina ya siri. Kila mchezaji anapaswa kukikariri na kukitumia bila kufikiria. Wanaingia darasani kila siku, wanatazama video za mechi, wanaulizwa maswali. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, hapa niliguna. Kumbe ukilikwepa darasa hapa, unaweza kulikuta limekusubiri uwanjani.

Kibarua na mwajiriwa

Tuje kwenye chapaa, maana najua unasubiri.

Kabla ya msimu, timu ya NFL huwa na wachezaji 90 kambini. Msimu ukianza wanabaki 53. Hesabu mwenyewe: watu 37 wanaambiwa wakusanye virago kwa majuma machache tu. Wachache kati yao huwekwa kwenye kikosi cha mazoezi. Hao hufanya mazoezi na wenzao wiki nzima, lakini kwa kawaida siku ya mechi hawavai jezi. Adongo alianzia huko, msimu ulipokaribia kuanza mwaka wa 2013.

Ukitaka kuelewa kikosi cha mazoezi, usiende Marekani. Nenda lango la nyuma la hoteli yoyote ya Diani mwezi wa Desemba. Kuna aliyeajiriwa, ana barua, ana sare yenye jina. Na kuna kibarua, anaitwa wageni wakijaa, anafanya kazi ile ile, jasho lile lile, halafu mvua za masika zikianza Aprili na wageni wakipungua, anaambiwa asubiri simu. Kikosi cha mazoezi ni kibarua cha NFL, ila kibarua chenye malipo mazito.

Mwaka wa 2013, kima cha chini cha kikosi cha mazoezi kilikuwa dola 6,000 kwa wiki, yaani zaidi ya nusu milioni ya shilingi zetu kwa bei ya dola ya siku hizo. Mchezaji mgeni aliyepandishwa kwenye kikosi cha watu 53, kima chake cha chini kilikuwa dola 405,000 kwa msimu. Lakini pesa hizo hazitolewi kwa mkupuo. Wakati huo ziligawanywa kwa wiki 17 za msimu, kama dola 23,800 hivi kwa wiki. Ukipandishwa Desemba, kama Adongo, unalipwa kuanzia wiki hiyo, si kuanzia Septemba. Kisha serikali inakata kodi, na wakala wako ana ruhusa ya kuchukua hadi asilimia 3.

Bado ni pesa ndefu, sikatai. Lakini umeona tofauti kati ya "amesaini NFL, ni tajiri" na kile kinachoingia mfukoni? Mtaa huona picha ya kusaini. Hauoni hesabu ya wiki kwa wiki.

Na kuna hili, ambalo naomba ulisome polepole. Mikataba mingi ya NFL, hasa ya wachezaji wasio majina makubwa, haina uhakika. Inaweza kuandikwa miaka mitatu na ikavunjwa kabla ya mwaka kuisha, na timu isikulipe miaka iliyobaki. Ili mchezaji astahili pensheni ya ligi, anahitaji misimu mitatu inayohesabika. Chama cha wachezaji chenyewe kimekuwa kikisema kwa miaka mingi kwamba wastani wa maisha ya mchezaji ligini ni kama miaka 3.3. Maana yake, wengi hutoka wakiwa ndio kwanza wameufikia mlango wa pensheni, na wengine hawaufikii.

Colts walimtumia Adongo kwenye vikosi maalum, wale wanaoingia mpira unapopigwa kwa mguu, kazi yao ni kukimbia kasi uwanja mzima na kumwangusha aliyeudaka. Kwa mtu wa raga hiyo ni kama nyumbani. Lakini majeraha yakamwandama. Kila alipoumia, alipoteza pia siku za kujifunza ule mchezo ambao wenzake walikuwa wameujua kwa miaka kumi. Majira ya kiangazi mwaka wa 2015, Colts walimwachilia.

Julai 2013 hadi kiangazi cha 2015. Hiyo ni misimu miwili. Pensheni inataka mitatu.

Baada ya taa kuzimwa

Mwaka wa 2018 picha na video zake akiwa mitaani Nairobi, hali yake ikionekana kuchakaa, zilisambaa simu kwa simu. Huenda wewe pia ulitumiwa. Sitaziweka hapa, na mambo yake ya ndani ni yake na familia yake. Lakini kilichonikera ni jinsi tulivyozoea kuisimulia habari hii: "Ona, alikuwa NFL, sasa ona." Kana kwamba NFL ilikuwa jumba alilopewa akalitupa. Ukweli ni kwamba ilikuwa chumba cha kupanga, tena cha kulipa kwa wiki, na mwenye nyumba ndiye aliyeshika funguo zote.

Ili uone kuwa sisemi hivi kumtetea tu mtu wetu, hebu tuvuke mpaka hadi Uganda, tumtazame mlinzi mwingine.

Mathias Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyekuja kuwa jaji mkuu na kuuawa na utawala wa Idi Amin mwaka wa 1972. Mathias alizaliwa mwaka wa 1983, na wapi? Indianapolis, mji ule ule wa Colts. Alicheza futiboli shule ya upili, akaenda Boston College, na huko akaweka rekodi ya chuo ya kumwangusha kwotabeki: mara 37 na nusu (nusu hutokea walinzi wawili wakimwangusha pamoja). Mwaka wa 2006 New York Giants wakamchagua katika raundi ya kwanza.

Msimu wake wa kwanza tu, Novemba 2006, alifanya kosa ambalo mashabiki wa New York wanalikumbuka mpaka leo. Giants walikuwa wakiongoza Tennessee Titans 21-0 katika robo ya mwisho. Titans wakaanza kurudi. Katika jaribio la nne, Kiwanuka akamkamata kwotabeki Vince Young. Amemshika kabisa. Akadhani mpira umeshatupwa, akaogopa adhabu, akamwachia. Young akachomoka mbio na mpira wake, na Titans wakashinda 24-21.

Sasa jiulize: kosa kama lile lingetoka kwa mtu wa kikosi cha mazoezi, wiki iliyofuata angekuwa wapi? Kiwanuka alibaki. Mwaka uliofuata alivunjika mguu na Giants wakatwaa Super Bowl yeye akiwa nje. Mwaka wa 2010 akaumia shingo. Akabaki. Na Februari 2012 akacheza Super Bowl dhidi ya New England Patriots, Giants wakashinda 21-17, na mechi yenyewe ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Alidumu na Giants hadi 2015, mwaka ule ule ambao Adongo aliachiliwa.

Kiwanuka alikuwa na misimu tisa. Adongo, miwili. Je, Kiwanuka alikuwa na roho ngumu zaidi? Mimi sioni hivyo. Mtu aliyetoka Nairobi akazunguka mabara matatu kabla ya kutimiza miaka 24 hana roho nyepesi. Tofauti ni kilichokuwa chini yao. Kiwanuka alikuwa na mkataba wa raundi ya kwanza, ambao timu haiwezi kuutupa ovyo kwa sababu imeshaweka pesa nyingi. Alikuwa na miaka ya mafunzo, na mji wenye watu wake. Adongo alikuwa na mwili na ujasiri, basi. Wahenga wetu wa pwani waliona majahazi mengi, wakasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tunapenda kuangalia kinachoelea.

Njia imebadilika kidogo

Adongo alikwenda mapema. Mwaka wa 2017, miaka minne baada ya yeye kusaini, NFL ilianzisha programu maalum ya kuwaleta wachezaji kutoka nje ya Marekani. Programu hiyo huwapa mafunzo kabla ya kuwatupa kambini, na timu inaruhusiwa kuwa na mchezaji huyo kwenye kikosi cha mazoezi bila kumhesabu kama amechukua nafasi ya mtu mwingine. Kwa lugha rahisi, wanakupa muda.

Muda hufanya nini? Muulize Jordan Mailata. Ni Mwaustralia aliyetoka kwenye ligi ya raga, naye pia hakuwa amecheza futiboli ya Kimarekani hata siku moja. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka wa 2018. Hakucheza mechi ya ligi mpaka 2020. Miaka miwili mizima anaumia, anapona, anasoma. Leo ni nguzo ya timu, na Februari 2025 alishinda Super Bowl. Yeye hucheza upande wa ushambulizi, lakini somo ni lile lile: alipewa miaka ya kujifunza huku analipwa.

Na sasa ligi hiyo imeanza kuja kwetu. Mwaka wa 2022 ilifanya kambi ya kusaka vipaji Ghana, na 2023 ikaja Kenya. Zaidi ya hayo, futiboli ya vitambaa, ile isiyo na kuangushana, ambapo unachomoa kitambaa kiunoni mwa mpinzani, itachezwa Olimpiki ya Los Angeles mwaka wa 2028. Watu watano kila upande, wanaume kwa wanawake. Haihitaji helmeti wala magodoro ya mabegani. Inahitaji mpira, vitambaa na mahali pa kukimbia. Na dada zangu wa Kwale mnaokimbia mchangani Diani maji yakipwa, hapo siwaambii kitu.

Sasa turudi nyumbani

Utaniuliza: haya yote yanamhusu vipi mtu wa Kwale ambaye NFL anaiona kwenye simu tu?

Yanakuhusu kwa sababu huku kwetu wengi tunauza mwili kabla hatujauza kitu kingine. Kuna wanaocheza raga na South Coast Pirates hapa Diani. Kuna wanaosaka timu ya soka. Kuna vijana wa sarakasi wanaotumbuiza mahotelini, wanaopanda watu watano begani, wakisubiri siku ya kuitwa Ulaya ama Ghuba. Kuna wanaobeba mizigo, wanaozamia samaki kule Shimoni, wanaopewa mkataba wa ulinzi Qatar. Wote hao kazi yao inakaa kwenye goti, bega na mgongo. Goti likikataa, kazi imekataa.

Na Kwale tunajua vizuri habari ya kitu kinachokwisha. Mwaka ule ule wa 2013 Adongo aliposaini, mgodi wa titani wa Base Titanium ulikuwa unaanza uzalishaji hapa kwetu. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma kwa sababu madini yaliyofaa kuchimbwa yalikwisha. Waliokuwa wakiuliza mapema "siku ya mwisho itakuwaje?" hawakuwa na mkosi mdomoni. Walikuwa wanasoma mkataba. Mwili wa mchezaji nao ni mgodi. Una tarehe ya mwisho, ila hiyo tarehe haichapishwi popote.

Kwa hivyo siku akija mtu na saa ya kupima mbio pale uwanjani Ukunda, ama akikupigia wakala akisema umepata nafasi Durban, Doha ama Dallas, nenda. Usikatae kwa woga, maana Adongo angekataa leo tusingekuwa na wa kumtaja. Lakini kabla ya kalamu kugusa karatasi, muulize mambo matatu, na umwambie akuandikie majibu. Nikiumia wiki ya pili, nani analipa hospitali na nalipwa mpaka lini? Mkataba huu mnaweza kuuvunja lini, na ukivunjwa nabaki na shilingi ngapi? Tena nitajifunza nini hapo ambacho nitatoka nacho hata mguu ukikataa?

Akikasirika kwa kuulizwa, umeshajibiwa.

Daniel Adongo atabaki wa kwanza, hilo hakuna wa kulifuta. Alikwenda mahali ambapo hakuna Mkenya aliyekuwa amefika, bila ramani na bila mtu wa kumpigia simu aulize "wewe ulifanyaje?" Wewe sasa una wa kumtazama. Wa pili akitoka huku kusini mwa pwani, natamani tusimwulize tu amepata pesa ngapi. Tumwulize mkataba una misimu mingapi.